Kompyuta Nazo Zaona Kiu

Kila mwisho wa mwezi askari aliye lindoni mpakani humpelekea mkewe fedha kwa simu, na mke huzipokea kabla sufuria haijatokota. Ni wachache wanaojiuliza fedha hizo zimepitia wapi. Zimepitia katika nyumba isiyo na madirisha, yenye makabati ya chuma marefu kuliko mtu, na ndani ya kila kabati zimepangwa kompyuta mithili ya sahani jikoni. Kompyuta hizo huitwa seva, na nyumba yao huitwa kituo cha data. Kazi yao haionekani kwa macho, lakini joto lao lasikika mara mtu afunguapo mlango, kwa maana umeme wote uingiao katika seva hatimaye hutoka humo ukiwa joto.

Kwa miaka mingi joto hilo liliondolewa kwa feni. Kabati moja lilitumia kilowati 5 au 10, na kilowati moja ni sawa na pasi ya umeme iliyowashwa. Siku hizi mambo yamebadilika. Kabati lenye chipu 72 ambalo kampuni ya Nvidia ililitangaza Machi 2024 hula takriban kilowati 120. Fikiria, mama, pasi mia moja na ishirini zikiwaka pamoja ndani ya kabati la nguo! Mimi nilisomea ualimu wala si uhandisi, lakini hesabu ya joto ni ile ile tuliyofundishwa kwa birika na kipimajoto. Kuondoa joto la kilowati 100 kwa hewa ambayo inaruhusiwa kupanda nyuzi 10 tu, yapasa kupuliza mita za ujazo 500 kila dakika. Kwa maji, kazi hiyo hiyo hufanywa na lita 143 kwa dakika, yaani madebe saba na kidogo.

Ndiyo sababu mafundi wamerudi kwenye maji. Nasema wamerudi, kwa kuwa IBM ilipoza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa nzima katika kioevu kisichopitisha umeme.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni bamba la shaba lenye mifereji myembamba ndani, linalolazwa juu ya chipu huku maji yakipita ndani yake. Ya pili ni mlango wa nyuma wa kabati uliotengenezwa kama rejeta ya gari, ambao hupoza hewa ya moto inapotoka. Ya tatu ni kuizamisha seva katika pipa la mafuta maalumu. Kila moja ina kasoro yake. Bamba hugusa chipu kubwa peke yake, na sehemu ndogo ndogo zilizobaki huendelea kuipasha hewa. Mlango hukamata joto lote la hewa, lakini hewa ni mchukuzi dhaifu. Mafuta hugusa kila kitu, ila hupokea joto polepole kuliko maji, tena fundi anayebadilisha kifaa huondoka na mikono inayotiririka.

Kuna na namna ambayo kioevu huachwa kichemke juu ya chipu, kisha mvuke wake hugandishwa kuwa kioevu tena. Askari watakumbuka kwamba rashasha za kale aina ya Vickers zilivishwa koti la maji, lita 4 hivi, na mvuke wake uliongozwa kwa mpira hadi katika kopo ili usipotee. Fikira ni ile ile. Lakini kampuni ya 3M, mtengenezaji mashuhuri wa vioevu hivyo, ilitangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kemikali za jamii hiyo ifikapo mwisho wa 2025, kwa kuwa hudumu mno katika mazingira.

UNGANISHO

Kwa nini basi mtu ajifunge kwa njia moja? Dereva yeyote wa lori la kikosi analijua jibu. Silinda za injini huzungukwa na maji, beringi hupozwa na oili, breki hupigwa na upepo. Hakuna kamanda aamuruye breki zitiwe maji. Kampuni ya Ufaransa ya OVHcloud, ambayo imetumia mabamba ya maji tangu 2003, ilionyesha Oktoba 2022 mpango wa namna hiyo: seva imezama katika mafuta, lakini chipu kuu ina bamba lake la maji, na neli ya maji iliyojiviringa hupita ndani ya mafuta yale na kuyapoza pasipo pampu ya mafuta wala feni.

Muungano ulio rahisi zaidi ni wa bamba na mlango, na hapo siri ni utaratibu wa maji. Mama mwenye ndoo chache huanza kwa kusuuzia vyombo, na maji hayo hayo akapigia deki. Hapigi deki kwanza. Vivyo hivyo, mlango unahitaji maji baridi, lakini bamba laridhika na maji ya uvuguvugu. Kompyuta ya Frontier kule Oak Ridge, Marekani, iliyozinduliwa 2022, hupozwa kwa maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 32. Chukua kabati la kilowati 100, ambamo 80 zimo katika mabamba na 20 katika hewa. Maji lita 100 kwa dakika yakiingia mlangoni kwa nyuzi 24, yatatoka kwa 27, yataingia katika mabamba, na kutoka kwa nyuzi 38 na ushei. Maji yale yale yametumika mara mbili.

Wahandisi wengine hutenganisha mizunguko kabisa, mmoja wa baridi na mmoja wa uvuguvugu. Kwa nchi zetu mimi naona hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza tahadhari. Chupa iliyotoka katika friji hutoa jasho, na bomba la maji baridi ndani ya kabati hufanya vivyo hivyo. Maji ya nyuzi 18 katika hewa ya Mombasa au Dar es Salaam yataleta matone juu ya umeme. Tena, mlango wenye alumini na mabamba ya shaba visichangiwe maji mamoja, kwa maana alumini italiwa kwa haraka. Na mpira hupasuka: Juni 2017 mjini Paris, maji ya kupozea yalivuja kutoka seva za OVH yakaangukia mtambo wa kumbukumbu uliokuwa jirani, ambao wenyewe haukuhitaji maji hata tone, na tovuti zipatazo 50,000 zikazimika. Wanaounganisha njia mbili wameunganisha pia hatari zake.

Sasa sababu yangu. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu sehemu yake hupenya nje na kukauka. Mnara wa kupozea wa kituo cha data ni mtungi huo huo, na kila kilowati moja kwa saa moja hukausha lita moja na nusu. Kabati la kilowati 100 litakausha madebe 180 kila siku, debe moja likiwa lita 20. Lakini maji yatokayo katika mabamba ni ya moto kuliko hewa ya nje, hivyo rejeta na feni hutosha kuyapoza bila kupoteza tone. Zikibaki kilowati 20 tu za mlango kwa mnara, madebe hushuka hadi 36.

Mei 2024 Microsoft na G42 zilitangaza nia ya kujenga kituo huko Olkaria, Kenya, kwa umeme wa joto la ardhini, kuanzia megawati 100. Hesabu ifuatayo ni yangu, wala si ya wenye mradi: kituo cha ukubwa huo kikipozwa kwa minara pekee kitakausha madebe 180,000 kwa siku, na kwa mizunguko miwili iliyotenganishwa, 36,000.