Kujiandalia Siku za Kustaafu

Kila aliyeajiriwa aikumbuka siku aliyoanza kazi, bali ni wachache waihesabuo siku watakayoiacha. Nayo haijifichi. Katika utumishi wa Serikali ya Tanzania mtu aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 sheria yamlazimu. Basi mwalimu wa Izimbya aliye na miaka 45 leo amebakiwa na miaka 15 tu, na miaka ya mwisho hupita upesi.

Na tuanze na hesabu, maana wengi huikwepa mpaka barua ya kustaafu iwe mkononi. Mwezi wa Agosti 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, yaani PSSSF. Kila mwezi mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza 15. Ili apate pensheni yampasa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Mwaka 2022 kanuni ilibadilishwa, na sehemu inayolipwa kwa mkupuo ikawa asilimia 33. Walimu na wengine waliozoea kupewa nusu walisikitika sana. Hata mwaka 2024 Serikali ikawapandishia kufika asilimia 40.

Tutwae mfano. Mwalimu ametumika miaka 30, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Kwa kanuni hiyo atapewa mara moja shilingi milioni 33 na nusu hivi, na baada ya hapo shilingi 335,000 hivi kila mwezi maisha yake yote. Yaani nyumba iliyozoea shilingi tatu itaishi kwa moja na senti kidogo.

Milioni 33 ni nyingi machoni. Lakini fedha hizo si mavuno, ni mbegu. Akichota 500,000 kila mwezi ili aendelee kuishi kama zamani, zitakwisha kabla ya miaka sita. Tena wakati huo ndipo jamaa na rafiki wanapoleta shauri la gari, la duka, au la faida ya haraka. Wengi wanaikumbuka DECI, upatu uliowaambia watu wapande fedha ili wavune nyingi. Serikali ilipousimamisha mwaka 2009, wengi walikuwa wamekwisha kupanda, wala hawakuvuna. Yafaa fedha za mkupuo zikae benki bila kuguswa kwa miezi kadhaa, hata mume na mke wakubaliane kwa utulivu.

Sisi wa Buhaya tuna akiba nyingine, nayo ni kibanja. Lakini kibanja hakingoji mwenyewe astaafu. Mche wa kahawa hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na migomba isiyopewa samadi huzaa mikungu midogo. Tena mnyauko, ulioingia Kagera mwaka 2006, hufyeka shamba lisilo na mwangalizi. Apandaye akiwa na miaka 50 atakula akiwa na 60; lakini angojaye mkupuo ndipo apande, ataipiga njaa hodi mwenyewe. Na asiye mtumishi wa Serikali, awe mkulima au fundi, asidhani pensheni si yake, maana aweza kujiandikisha NSSF kwa hiari na kuchangia kidogo kidogo. Akiba haiozi.

Wako wasemao, “Akiba yangu ni watoto wangu.” Ni neno jema, lakini mkoa wetu umejifunza kwa uchungu ya kuwa halitoshi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wazee wengi waliwazika watoto waliowategemea, wakabaki na wajukuu wa kulea. Kwa ajili ya wazee hao shirika la Kwa Wazee lilianzishwa Nshamba, wilaya ya Muleba, mwaka 2003, likawapa fedha kidogo kila mwezi. Nazo zilikuwa chumvi, sabuni na karo. Basi wapendeni watoto na kuwasomesha, lakini msiwatwike mzigo ambao ninyi mngeweza kuupunguza mapema.

Baada ya mfuko, uko moyo. Kwa miaka 30 kengele imemwamsha mwalimu, na watoto wamemwamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Kisha asubuhi moja hakuna kengele. Asiyejiandaa huona kana kwamba amesahauliwa. Wengine hukimbilia rubisi; wengine hukaa nyumbani wakimwamuru mke katika mambo aliyoyaendesha vema miaka yote bila wao. Na mwalimu wa kike naye hukuta kazi za nyumba zimemzidi, kwa kuwa wote wanasema, “Sasa una nafasi.” Mambo haya yazungumzwe mapema: nani atafanya nini, na kila mtu atapumzika saa ngapi. Tena kila mmoja ajitafutie kazi ya heshima kabla ya kuacha ile ya mshahara. Chama cha msingi cha kahawa chahitaji mtu ajuaye hesabu, na watoto wa jirani wahitaji wa kuwasomesha jioni. Cheo hurudishwa ofisini, lakini ujuzi huja nyumbani pamoja na mwenyewe.

Basi, ninyi baba na mama, jioni moja ya juma hili kaeni pamoja na kalamu. Andikeni miaka iliyobaki, madeni yaliyopo na miche itakayopandwa mwaka huu. Ulizeni kama michango yenu imeandikwa yote, na kama majina ya wategemezi ni sahihi. Andikeni na wosia, ili mjane asije akafukuzwa katika kibanja alichokilima mwenyewe.