Uliza Kadi Itaanza Lini, Kabla ya Kuuliza Bei Yake

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya bima ya afya, na hasa bima ya mtu ambaye daktari amekwisha kumwambia kwamba atapasuliwa. Katika safari zangu za kazi, kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay na Lituhi, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Ndugu mtangazaji, bima ipi ni ya bei nafuu?" Swali hilo si baya. Lakini kwa mtu anayengoja kisu, halifai kuwa la kwanza.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Liuli, mwenye umri wa miaka 45. Ana ngiri. Ilianza kama uvimbe mdogo wa kinenani, unaojitokeza akivuta nyavu na kurudi ndani akilala. Daktari amempima, akamwambia upasuaji unahitajika, ila si wa leo wala kesho. Mtu huyu ana bahati ambayo aliyevunjika mguu barabarani hana: anao muda. Shida ni kwamba wengi wetu muda huo huupoteza, kisha tukakimbilia kadi siku mbili kabla ya kulazwa.

Kwa nini bima haitaki mtu wa namna hiyo? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Vijijini mwetu tunavyo vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwezi watu hutoa kidogo, na msiba ukitokea chama hubeba sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Je, chama gani kitampokea mwanachama mpya ambaye maiti imekwisha kulala nyumbani kwake? Kikimpokea huyo, na wengine wakasikia, hakuna atakayechanga mapema, na mfuko utakauka. Bima ya afya ni chama kama hicho kilichokuwa kikubwa. Ndiyo maana katika mipango mingi ya hiari kuna kipindi cha kungojea: umelipa, umesajiliwa, lakini kwa huduma fulani, na upasuaji mara nyingi ni mojawapo, kadi haijaanza kazi.

Jambo hili limekwisha kuonekana hapa nchini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulianza na watumishi wa serikali. Hao hukatwa mishahara yao kila mwezi, wazima na wagonjwa pamoja, hivyo mzima humbeba mgonjwa. Lakini Mfuko huo ulipofungua kadi ya watoto ya Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi walimwandikisha mtoto aliyekwisha kuugua na kumwacha mzima. Gharama za matibabu zikaipita michango mara kadhaa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa. Baadaye ukarudi kwa utaratibu mwingine.

Upande wa wakulima na wavuvi, tulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Baadaye, ulipoboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima, ili wazima nao waingie katika chungu kimoja na wagonjwa. Mabadiliko haya yana maana moja kwako, ndugu msikilizaji: bei na masharti aliyokusimulia jirani yako huenda ni ya mwaka juzi. Nenda ofisini ukaulize ya leo.

Ukifika huko, mvuvi wetu wa Liuli aulize nini? Kabla ya kwenda, amwombe daktari amwandikie kwenye karatasi jina la upasuaji wenyewe, hospitali utakakofanyika, na muda ambao anaweza kungoja bila hatari. Akiwa na karatasi hiyo, aulize mambo manne.

La kwanza: kwa upasuaji huu, kadi itaanza kutumika tarehe ngapi? Asiridhike na jibu la "mapema tu". Ataje tarehe, kisha ailinganishe na muda aliopewa na daktari.

La pili: je, upasuaji huu umo katika orodha ya huduma za kifurushi hiki? Vifurushi vinatofautiana. Kimoja kinalipa kumwona daktari na dawa, kingine kinafika chumba cha upasuaji. Kifurushi rahisi kisichofika huko, kwa mtu huyu, ni ghali.

La tatu: je, hospitali yangu ina mkataba na bima hii? Huku kwetu hospitali nyingi kubwa ni za madhehebu ya dini: Liuli, Litembo na Peramiho. Usidhani kwamba kila kadi inapokewa kila mahali. Uliza pia habari ya rufaa. Kwa kawaida safari huanzia zahanati au kituo cha afya, na mgonjwa anayejipeleka mwenyewe Songea bila barua anaweza kutakiwa kulipa fedha taslimu, hata kama ana kadi mfukoni.

La nne: kiwango cha mwisho ni shilingi ngapi, na nini hakilipwi? Mara nyingi nauli, chakula cha anayemuuguza mgonjwa na siku ambazo chombo hakitaingia ziwani ni juu ya familia. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66, na kutoka Mbinga hadi Songea ni karibu 100. Hesabu ya upasuaji isiyohesabu nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni hesabu ya nusu.

Hapo sasa ndipo aulize bei. Na asajili majina yake kama yalivyo katika kitambulisho cha Taifa, kwa maana herufi moja iliyokosewa inaweza kumzuia dirishani. Wala asiazime kadi ya ndugu yake. Huo ni udanganyifu mbele ya sheria, na tena ni hatari: jalada la hospitali litakuwa na kundi la damu la mtu mwingine.

Kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, sera ya afya inawapa msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Watoto wao waanzie serikali ya kijiji na afisa ustawi wa jamii, kabla ya kuuza shamba.

Sasa sikilizeni vizuri. Yote haya ni kwa upasuaji unaoweza kungoja. Ngiri ikiwa ngumu, ikauma sana, ikakataa kurudi ndani, na mgonjwa akaanza kutapika, hiyo imenasa. Apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku, kadi iwepo isiwepo. Utumbo ulionasa huoza kwa saa chache, na deni la hospitali hulipika.

Neno langu la mwisho ni kwa walio wazima. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, ugonjwa umekuwa ukizikuta familia nyingi mifuko ikiwa mitupu. Fedha za kahawa huingia Umatengoni kwa msimu, na za dagaa huko mwambao vivyo hivyo. Siku fedha hizo zinapoingia, kabla ya bati na redio mpya, toa kwanza mchango wa bima ya kaya yako. Kipindi cha kungojea hakina uchungu kwa mtu asiyeumwa.