Kumuuliza kesie si kumtukana

Somo: 2 Wakorinto 8:16-21



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe katika kamati ya kituo kimoja cha afya kijijini. Kesie wetu alikuwa mzee mwaminifu, sote tulimpenda. Kila mkutano prezida alimuuliza: "Mzee, feza ziko?" Naye alijibu: "Ziko." Tulipiga makofi, tukafunga kwa sala, tukarudi nyumbani.

Siku moja mzee akafariki ghafula. Tulipofungua sanduku, feza zilikuwa kidogo kuliko tulivyofikiri, na kaye ya hesabu haikuwako. Hata kilio hakijaisha, watu walikwenda kumuuliza mjane feza ziko wapi. Watoto wake walisikia sokoni baba yao akiitwa mwizi. Baadaye muuza dawa wa mjini alituonyesha karatasi zake: mzee alikuwa amelipa deni la dawa, deni lile lile ambalo sisi wenyewe tulimwagiza alilipe. Hakuna aliyeandika. Tulikwenda kwa mjane kuomba msamaha, akatupokea. Lakini neno likishatembea kijiji kizima, halirudi lote.

Nani alimkosea mzee yule? Ni sisi wanakamati. Tulidhani kumuuliza ni kumvunjia heshima. Kumbe kwa kunyamaza tulimwacha bila shahidi.

Angalieni Mtume Paulo. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalichanga feza kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Paulo hakubeba mchango ule peke yake. Alimtuma Tito, pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na ndugu mwingine tena aliyejaribiwa katika mambo mengi. Anaeleza sababu: hakutaka mtu yeyote apate neno la kumlaumu, maana alijali yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Mtume hakuona haya kutembea na mashahidi. Sisi tunaona haya ya nini?

Hata sheria ya inchi yetu, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu mashirika yasiyotafuta faida, haiweki kazi yote mikononi mwa mtu mmoja. Inataja mkutano mkuu wa wanachama, kamati ya uongozi, na wakaguzi wa hesabu. Lakini majina matatu kwenye karatasi hayalindi kitu kama watu wake wananyamaza.

Basi, kamati ifanye nini?

Kwanza, baada ya sala ya kufungua, kaye ya feza isomwe kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Watu wawili wahesabu feza za sanduku mbele ya wote, kisha watie sahihi. Ifanyike kila mkutano, hata kesie akiwa mtakatifu. Ikiwa desturi, haitamchoma mtu moyo.

Pili, kila azimio liandikwe pamoja na jina la mtu atakayelitimiza na tarehe. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza: lile tuliloagiza limefanyika?

Tatu, kamati isichukue kazi ya muuguzi. Si juu yetu kuchagua sindano. Ni juu yetu kuuliza: mwezi huu dawa zilikosekana siku ngapi? Wagonjwa maskini walipokelewa namna gani? Yetro alimwonya Musa asibebe kazi yote peke yake (Kutoka 18). Kila mtu abebe mzigo wake, kisha atoe habari.

Nne, prezida aseme mwisho. Mkubwa akisema kwanza, wadogo huitika tu. Waanze mama na vijana, maana mara nyingi ndio wanaopanga mstari pale kituoni, na wanajua lililopungua.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika kamati, kuuliza ni upendo. Unapomuuliza kesie leo, unamwekea ushahidi wa kesho, siku ambayo yeye mwenyewe hataweza kujibu.

Juma hili, wewe uliye katika kamati ya shule, ya kisima, ya kituo cha afya au ya parokia, omba kaye ifunguliwe. Uombe kwa upole, mbele ya wote.

Bwana atujalie mikono safi na vinywa vyenye ujasiri. Amina.