Duka Lililorudisha Fedha za Mteja

Mnamo mwaka 1886 sanduku la saa za mfukoni lilifika katika stesheni ndogo ya reli huko North Redwood, jimbo la Minnesota, Marekani. Mfanyabiashara aliyeletewa saa hizo alikataa kuzipokea. Karani wa stesheni, kijana aitwaye Richard Sears, akazichukua yeye, akawauzia makarani wenzake wa stesheni nyingine, naye akapata faida. Lakini saa huharibika, na mwuzaji wa saa hawezi kukaa bila fundi. Mwaka 1887 akatangaza gazetini kwamba anamtafuta, akajitokeza Alvah Roebuck. Kampuni iliyozaliwa na watu hao wawili ikaitwa Sears, Roebuck, jina la mwuzaji pamoja na la fundi. Si wafanyabiashara wengi ambao wangekubali kumpa fundi heshima hiyo.

Kampuni hiyo iliuza kwa njia ya posta. Mkulima aliyekaa mbali na mji alipelekewa kitabu kinene chenye picha na bei za kila kitu, tangu sindano hadi jiko la chuma, akaagiza akiwa nyumbani kwake. Kwa kuwa mnunuzi hakuweza kukishika kitu kabla ya kukilipia, aliahidiwa kwamba asiporidhika atarudishiwa fedha zake. Mwaka 1911 kampuni ikaanzisha maabara yake ya kupima bidhaa.

Waliofaidika hasa na utaratibu huo ni Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini. Katika maduka ya vijijini huko, mtu Mweusi aliweza kungojeshwa mpaka Wazungu wote wahudumiwe, kisha akapewa kitu duni kwa bei ya juu. Kitabu cha Sears hakikuuliza rangi ya mtu. Bei aliyoisoma Mzungu ndiyo aliyoisoma na yeye, na mzigo ulifika bila ya yeye kutukanwa na karani wa duka.

Kuanzia mwaka 1925 Sears ikafungua maduka makubwa yenye bidhaa za kila namna chini ya paa moja. Vifaa vya mafundi vya chapa ya Craftsman vilisifika kupita vyote. Mwenye spana au bisibisi iliyovunjika aliirudisha dukani, hata baada ya miaka mingi, akapewa mpya bila kuulizwa stakabadhi. Kwa mali hiyo na sifa hiyo, katika miaka ya 1970 kampuni ilijenga huko Chicago jengo la ghorofa 110, lililokuwa refu kuliko yote duniani wakati ule.

Uharibifu ulianza kuonekana wazi katika gereji zake. Mwaka 1990 wakubwa wa kampuni, wakitaka mauzo yapande, waliwawekea wafanyakazi wa gereji viwango vya kuuza na kuwalipa kwa kamisheni. Idara ya kuwalinda wanunuzi ya jimbo la California ilipoletewa malalamiko, ikatuma maofisa wake wakiwa wamevaa kiraia, na magari ambayo breki zake tu zilikuwa zimechakaa. Sehemu nyingine zote zilikuwa salama. Katika majaribio 38, mara 34 waliuziwa matengenezo yasiyohitajika. Habari hizo zilitangazwa mwezi Juni 1992. Mwenyekiti wa kampuni, Edward Brennan, aliukiri ubaya wa mpango ule na kuiondoa kamisheni hiyo. Yafaa kukumbuka kwamba fundi aliyelazimishwa kuuza springi kadhaa kila siku ili asipoteze kazi hawezi kutegemewa kumwambia mteja kwamba gari lake ni zima.

Hila ya namna hiyo haina nchi. Mshahara unapotoka mwisho wa mwezi, na mama wa nyumbani akaenda kununua pasi au redio aliyoiwekea akiba, mwuzaji aliyepangiwa kiwango atakuwa na haraka kuliko yeye. Kitu cha umeme kichomekwe na kuwashwa palepale dukani. Stakabadhi iandikwe jina la kitu, namba yake na tarehe, wala si jumla ya fedha peke yake. Dhamana isomwe kabla ya kulipa, ijulikane ni nani atakayetengeneza na kwa muda gani, kwa maana dhamana isiyotaja mtengenezaji ni karatasi tu. Familia ya askari anayeweza kuhamishwa kituo wakati wowote iulize pia kama kitu hicho kitapokelewa katika tawi la mji mwingine.

Kwa Sears mambo yalizidi kuharibika baada ya mwaka 2005, ilipounganishwa na kampuni ya Kmart chini ya bepari mmoja, Edward Lampert. Mabilioni ya dola yalitumika kununua hisa za kampuni yenyewe, huku maduka yakikosa matengenezo. Mwaka 2008 kampuni iligawanywa katika vitengo zaidi ya 30, kila kimoja na mkuu wake na hesabu zake, vikashindana vyenyewe kwa vyenyewe. Aliyeingia kununua mashine ya kufulia alikuta rafu tupu, sakafu chakavu, na eneo kubwa lisilo na mtu wa kumwuliza bei. Wengi walitoka mikono mitupu, wakaenda kununua penginepo.

Mwaka 2017 jina la Craftsman liliuzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker. Tarehe 15 Oktoba 2018 Sears ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake, ikiwa na maduka kama 700 tu, wakati mwaka 2005 yeye na Kmart walikuwa na maelfu. Mafundi wa Marekani wenye spana za zamani zilizovunjika bado hupewa mpya. Huzipeleka katika maduka ya Lowe's, yaliyokuwa mshindani wake.