Kutoka Mada hadi Swali: Uteuzi na Utafiti wa Insha ya Mwanachuo

Mwanachuo wa ualimu anapotakiwa kuandika insha ya utafiti, aghalabu jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta kichwa cha habari kinachovutia. Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita kichwa hicho hakiko mbali: "Athari za Machimbo kwa Elimu ya Msingi". Kinasikika vizuri, lakini kina kasoro mbili. Kwanza, ni kikubwa mno kwa mtu mmoja mwenye majuma machache ya mazoezi ya kufundisha. Pili, jibu limekwisha kuwamo ndani yake. Mwandishi ameshaamua kwamba machimbo ndiyo chanzo cha matatizo, naye hubakia kukusanya ushahidi wa kumwunga mkono.

Makala haya yanakusudia kueleza njia ya kutoka katika mada ya namna hiyo na kufikia swali linalochunguzika. Mfano utakaotumika ni wa Mwakitolyo, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, ambako uchimbaji mdogo wa dhahabu unafanyika katika nchi ya wakulima na wafugaji.

1. Mada si swali

Mada ni kama shamba zima, na swali ni tuta moja ambalo mkulima aweza kulimaliza kabla jua halijawa kali. Ili kulipata tuta hilo, mwanachuo hana budi kuweka mipaka minne: mahali, watu, muda na jambo linaloweza kuonekana au kuhesabiwa. Hivyo mada iliyotajwa hapo juu yaweza kugeuzwa kuwa swali hili: "Je, wanafunzi wa Darasa la Tano katika shule moja ya Mwakitolyo hukosa masomo siku zipi zaidi katika muhula mmoja, na wanaohusika hueleza sababu gani?"

Swali likishapatikana, lipimwe kwa mambo matatu. Je, jibu lake halijajulikana tayari? Je, ushahidi waweza kupatikana katika muda uliopo? Je, jibu litamsaidia mwalimu kutenda jambo fulani darasani? Swali linaloshindwa katika kipimo chochote kati ya hivyo lirekebishwe kabla ya kuanza kazi.

2. Kusoma yaliyokwisha andikwa

Utafiti hauanzi kwa kuuliza watu. Huanza kwa kusoma, ili mwanachuo asiwasumbue watu kwa mambo ambayo tayari yanajulikana. Kwa swali letu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haina budi kusomwa, kwa kuwa inautaja uchimbaji wa madini miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto haruhusiwi kufanya. Ipo pia ripoti iliyotolewa mwaka 2013 na shirika la Human Rights Watch baada ya kuyatembelea machimbo madogo katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Ripoti hiyo ilieleza juu ya watoto, wengine wa umri wa miaka 8, waliofanya kazi katika machimbo na kukabiliwa na hatari za maduara na zebaki. Maandishi hayo yanathibitisha kwamba tatizo limekuwapo. Hayasemi lolote juu ya darasa ambalo mwanachuo atalifundisha, na wala hayawezi kutumiwa badala ya uchunguzi wake.

Takwimu nazo zisomwe kwa uangalifu. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu wapatao milioni 2.8. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha watu wapatao milioni 1.5. Msomaji mwenye haraka angesema kwamba watu wameuhama mkoa. Ukweli ni kwamba mwaka 2012 mipaka ilibadilika: Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia katika mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikaingia Geita. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha idadi za wanafunzi wa miaka miwili, ni lazima kuhakikisha kwamba jina moja linataja eneo lile lile.

3. Daftari la mahudhurio

Hazina ya kwanza ya mtafiti aliye mwalimu imo mezani pake. Tuseme darasa lina wanafunzi 60. Katika juma la siku 5 mahudhurio yanayotarajiwa ni 300. Ikiwa yaliyoandikwa ni 240, mahudhurio ni asilimia 80, na nafasi 60 zimekosekana. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba "utoro ni asilimia 20".

Lakini nafasi hizo 60 zaweza kuwa na maana mbalimbali. Huenda wanafunzi 12 hawakufika siku zote 5. Huenda pia kila mwanafunzi alikosa siku moja tu. Hali ya kwanza inamtaka mwalimu afuatilie familia 12. Hali ya pili inamtaka atazame desturi ya kijiji kizima, kama vile siku ya mnada au majira ya palizi. Asilimia ni ile ile, ila dawa ni tofauti. Ndiyo sababu mwanachuo anapaswa kuhesabu kwa siku na kwa mwanafunzi, kisha aandike kando ya hesabu yake kalenda ya mvua, kilimo na mnada.

4. Kuwauliza watu

Daftari huonyesha nani hakufika na lini. Halisemi kwa nini. Hapo ndipo mazungumzo yanapohitajika. Mwanachuo aanze kwa kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, na anapotaka kuzungumza na wazazi ajitambulishe kwanza kwa uongozi wa kijiji. Afikapo katika mji wa mtu, atangulize salamu na aeleze shida iliyomleta kabla hajatoa kalamu. Wazee wengine watajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, basi awe na mtu wa kumsaidia.

Maswali yasielekeze majibu. "Je, mwanao huenda machimboni?" ni swali linalomfanya mzazi ajione kama mshtakiwa. "Siku ambazo mtoto haendi shule, shughuli zake huwaje?" ni swali linaloacha mlango wazi. Huenda jibu likawa duara au karasha. Huenda pia likawa ng'ombe, mdogo wake mgonjwa, umbali, au kukosa chakula cha asubuhi.

Mtoto asihojiwe mbele ya wenzake, na jina lake lisiandikwe katika insha. Endapo itabainika kwamba mtoto yumo katika kazi ya hatari, jambo hilo si data tu. Sheria iliyotajwa inampa kila mwanajamii mwenye habari za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Mwanachuo amweleze mwalimu mkuu mara moja, bila kungoja insha ikamilike.

5. Kuandika matokeo

Insha njema hutenganisha mambo matatu: lililohesabiwa, lililosemwa na watu, na maoni ya mwandishi. Tena haidai zaidi ya ushahidi wake. Shule moja haiwezi kusemea mkoa mzima. Ikiwa ushahidi umekataa dhana ya mwanzo, dhana ndiyo iachwe.

Jambo hili si la kupata alama peke yake. Mwalimu anayeingia darasani akiamini kwamba watoto wa machimboni ni watoro kwa tabia atawaadhibu wote kwa namna moja, na yule aliyekosa shule kwa ajili ya njaa hatarudi tena. Mwalimu aliyezoea kuuliza swali dogo na kulifuatia mpaka mwisho atajua nani wa kutembelewa leo jioni.

Maswali ya majadiliano

1. Geuza mada "Ugumu wa Hisabati Vijijini" iwe swali lenye mipaka minne.
2. Chukua daftari la mahudhurio la juma moja, uhesabu kwa siku na kwa mwanafunzi. Hesabu hizo mbili zinatofautianaje katika yale zinayokueleza?
3. Tunga maswali mawili kwa mzazi yasiyoelekeza jibu.