Mapezi ya Bomba la Kukaushia Mahindi

Mkulima, mahindi yavunwayo wakati wa mvua hayangoji jua. Yakikaa mabichi huota kuvu, na kuvu hiyo yaweza kuzaa sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo wako waliojenga banda la kukaushia: moto huwashwa nje, na moshi wake hupita katika bomba la chuma lililolazwa chini ya kichanja. Hewa igusayo bomba hupata joto, hupanda, na kupenya katika mahindi.

Lakini bomba tupu lina uso mdogo. Joto jingi hutoka pamoja na moshi, na hasara ni kuni zako. Dawa yake ni mapezi, yaani mabamba membamba ya chuma yazungukayo bomba, ili hewa ipate mahali pengi pa kugusa.

Watu hudhani kuwa pezi refu ndilo bora. Sivyo. Joto huingia shinani, na kadiri liendavyo nchani hupungua. Chukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 2, mahali hewa inapopanda yenyewe. Pezi la sentimita 5 likitoa mafungu 6 ya joto, la sentimita 10 hutoa karibu 9, na la sentimita 20 hutoa 10 tu. Basi afadhali mapezi mengi mafupi kuliko machache marefu.

Hata hivyo usiyasonge. Acha kati yao nafasi ya upana wa kidole gumba. Kwa bomba lililolala, yawe duara zilizosimama, yasizuie hewa ipandayo. Fundi ayachomelee pande zote, maana pezi lililofungwa kwa waya huacha mwanya, na hewa iliyomo hukinga joto. Asitumie mabati yenye zinki. Mvuke wake hudhuru.

Usivike bomba zima: moshi uliopoa mno haupandi, na moto hufifia. Kung'uta masizi ndani ya bomba, ziba kila tundu, na fagia makapi kati ya mapezi yasije yakashika moto. Na kama mahindi ni ya mbegu, hewa isizidi digrii 43, ama sivyo hayataota.