Mwanga Unaofichua Kifua Kikuu: Kwa Nini Kununua Mashine Pekee Hakutoshi

Mkazi wa Majengo anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi akifika kituo cha afya, huombwa kutoa makohozi kwenye kikopo. Je, nini hufanyika baada ya hapo?

Kwa miaka mingi, maabara zilitegemea hadubini. Ili mtaalamu avione vijidudu vya kifua kikuu (TB), kila mililita ya makohozi ilihitaji kuwa na takriban vijidudu 10,000. Mgonjwa mwenye vijidudu vichache angeweza kuambiwa hana TB, akarudi nyumbani na kuwaambukiza jamaa zake.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Desemba 2010, hutumia probu zinazong'aa. Probu ni kipande kidogo cha DNA kilichokunjwa, chenye kemikali ambayo mwanga wake umezimwa na mkunjo huo. Kikikutana na DNA ya kijidudu inayolingana nacho, hukunjuka na kung'aa. Mashine husoma mwanga huo na kutoa majibu kwa takriban saa 2. Katriji za kwanza zilikuwa na probu 5. Moja isipong'aa ilhali nyingine zinang'aa, ni ishara kwamba dawa ya rifampisini haitamfaa mgonjwa.

Hata hivyo, mashine inayonunuliwa bila mpango huishia kukaa bure. Mambo haya ni muhimu:

• Katriji: Kila kipimo hutumia moja, nayo haitumiki tena. Mwaka 2023, bei kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati ilishushwa kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Gharama hii ni ya kila mwaka.
• Umeme: Ukikatika katikati ya kipimo, katriji hupotea. Betri ya akiba ni lazima.
• Joto: Chumba kisizidi nyuzi 30, na katriji zihifadhiwe chini ya nyuzi 28.
• Matengenezo: Mashine hukaguliwa usahihi wake kila mwaka.
• Usafiri: Makohozi kutoka zahanati yafike maabara mapema, na majibu yamrudie mgonjwa.

Katiba inampa mwananchi nafasi ya kushiriki katika masuala ya fedha za umma. Kwenye vikao vya bajeti, usiulize tu iwapo mashine itanunuliwa. Uliza pia nani atailipia katriji na matengenezo mwaka ujao.

Kipimo na matibabu ya TB ni bure katika vituo vya umma. Ukikohoa kwa wiki 2, usingoje.